Ini Lililoota Nywele

Ukitaka kumjua Gerda Toftegaard, usihangaike na uso wake. Usoni hupati kitu. Uso ule ni mlango wa stoo, umefungwa na ufunguo uko kwa mwenyewe. Tazama mikono. Mikono ile imekuwa safi tangu mwaka wa arobaini na tisa, siku aliyochapwa na mama yake kwa ajili ya unywele mmoja.

Alizaliwa Denmark, karibu na mji mdogo wa Kerteminde, kwenye shamba la ng'ombe kumi na wanane na jogoo mmoja mwenye dharau. Jana yake Gerda, mwenye miaka sita, alimkumbatia mwanakondoo wa jirani, kisha akaja kuinamia kopo la maziwa aone uso wake mle ndani. Asubuhi yake kiwanda cha maziwa kikarudisha kopo zima, na juu ya kifuniko kimefungwa kikaratasi: unywele. Mama mtu hakupiga kelele. Alimchapa viganja, akampa kitambaa cheupe cha kuchujia, akamwambia, "Ng'ombe anatoa maziwa, Gerda. Uchafu unatoka kwa watu."

Maneno hayo ndiyo shule yake. Shule nyingine alipita, akapata cheti cha ufundi wa maabara, na mwaka wa sabini na mbili akaingia katika idara moja ya chuo kikuu mjini Odense. Akakaa miaka thelathini na mmoja. Maprofesa walikuja, wakanenepa, wakaondoka. Gerda alibaki pale pale, kwenye kiti chake chenye mto wa bluu, mbele ya kabati la joto la seli zake.

Kazi yake, kwa lugha ya watu, ilikuwa kulisha. Alikuwa na makundi mawili ya seli za ini, kundi la wazima na kundi la wagonjwa wa saratani, kila kundi kwenye chupa zake. Kundi moja lilikula chakula cha kawaida. Jingine lilipewa chakula kilekile, rangi ileile, ila asidi amino zake mbili, lisini na arginini, zilikuwa zimetengenezwa kwa kaboni nzito. Si sumu, si mionzi, ni uzito tu, kama kujenga nyumba ileile kwa matofali yenye mchanga zaidi. Seli inakula, inajijenga, inagawanyika. Ikifika kizazi cha tano au cha sita, haimo protini ndani yake ambayo si nzito. Hapo unachanganya kundi zito na kundi jepesi katika chombo kimoja, unazivunja, unazikatakata, unapeleka kwenye mashine ambayo pale idarani waliiita Mzani. Kila kipande cha protini kinatokea na pacha wake, mwepesi na mzito, wamesimama bega kwa bega. Wakilingana, hakuna jipya. Mmoja akimzidi mwenzake, hapo kuna habari.

Hekima ni hiyo tu. Wenye vyeo huandika kurasa arobaini kuisema.

Seli za Gerda zilikuwa na sifa mpaka mji wa Aarhus. Inasemekana siku moja alikuwa nyumbani anamenya viazi, akazisikia zinalalamika njaa, akapanda baiskeli na aproni yake kiunoni, kilomita saba kwenye upepo wa mbele, akafika akakuta kweli chupa ya tatu imepungukiwa. Mumewe, Aksel, huapa kwamba viazi vilikuwa havijaanza hata kuchemka aliporudi. Aksel hupika polepole, lakini hata hivyo.

Basi mwaka wa elfu mbili na tatu, mwezi wa pili, wakaletewa Flemming Bregnballe.

Flemming alikuwa ametoka Amerika, miaka minne, akarudi na vitu vitatu: upara, cheo, na kikohozi kidogo cha kuwajulisha watu kwamba anataka kusema. Odense, kuanzia meya hadi mtu wa kufagia theluji, huitana kwa jina la kwanza. Flemming akabandika kibao mlangoni: Daktari F. Bregnballe. Watu wakaenda kukitazama kwa zamu, kama wanavyokwenda kutazama ndama aliyezaliwa na vichwa viwili.

"Gerda," alisema siku ya kwanza, "ningependa niitwe Daktari."

"Na mimi ningependa niitwe Malkia," Gerda akamjibu. "Lakini hapa tunaanza na kunawa mikono, Flemming."

Kitu cha nne, ambacho hakutoka nacho Amerika, kilikuwa sweta. Lilifumwa na mama mkwe wake kule Visiwa vya Faroe, kwa sufu ambayo haikuwahi kuoshwa sawasawa: sufu ya kijivu, nene, yenye mafuta yake ya asili, imejaa nyuzi zilizosimama kama nywele za mtu aliyeogopa. Mvua ikilinyeshea, lilinuka zizi zima. Wapo wanaosema kondoo wa mashamba ya pembeni walikuwa wakimfuata kwenye njia ya baiskeli asubuhi, wakifika taa nyekundu wanasimama naye. Sweta hilo hakulivua. Koti jeupe hakulivaa.

"Koti ni la waosha chupa," alisema. "Mwenye kufikiri anahitaji mabega huru."

Mabega yale yalikuwa huru kweli. Yalikwenda kila mahali. Na wiki ya pili tu akamwondolea Gerda nusu ya kazi. Gerda abaki na kulisha, akasema. Kuvunja seli, kuzikatakata na kuziandaa kwa ajili ya Mzani atafanya mwenyewe, maana hatua hizo zinataka mtu aliyesoma.

Gerda alimtazama alivyokuwa akipitisha mikono ya sweta lake lenye manyoya juu ya mirija iliyo wazi, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayebariki harusi, akarudi kwenye kiti chake cha mto wa bluu.

Mwezi wa tatu mwanzoni, saa tatu na nusu ya asubuhi, wakati wa kahawa, Flemming aliingia na kikohozi chake. Walikuwepo watu watatu. Gerda mwenyewe. Ejvind, mwenye kuendesha Mzani, mtu mkimya kiasi kwamba walimwekea kadi ya siku ya kuzaliwa mezani na akaijibu kwa maandishi. Na Vibeke, mkuu wa idara, mwanamke mrefu aliyekuwa akitafuna karoti mbichi mikutanoni, hata amri zake zilitoka na mlio.

"Nimepata," Flemming akasema. "Kaeni."

"Tumekaa," Gerda akasema.

"Seli za saratani ya ini zinatengeneza protini ya nywele. Keratini ya nywele! Kwenye mchoro wa Mzani, upande wa wagonjwa, kilima. Upande wa wazima, sifuri. Hata pacha hana. Mnaelewa maana yake?"

Ejvind akashusha kikombe. "Nywele?"

"Nywele."

"Kwenye ini?"

"Kwenye ini, Ejvind! Saratani inamrudisha mtu nyuma, mpaka zama za manyoya. Tarehe tatu mwezi ujao nazungumza Copenhagen, mbele ya watu mia tatu."

Vibeke aliacha kutafuna. "Flemming, mwenzangu. Keratini ni uchafu. Hata anayefagia humu anajua. Ngozi, mba, vumbi."

"Ya ngozi, ndiyo. Nimeifikiria. Hii si ya ngozi, hii ni ya nywele." Akajipapasa upara, taratibu, kama muuzaji anayeonyesha tikiti maji. "Na mimi, kama mnavyoona, sina cha kudondosha."

Kisha macho yakaanza kusafiri. Ejvind alikuwa na nywele nne, na zote alizijua kwa majina. Vibeke hakuwa akiingia chumba cha seli. Macho yakamaliza safari kwenye kichwa cha Gerda, kwenye fundo lake la mvi, kubwa kama mkate wa jana.

"Kama si ugunduzi," Flemming akasema, "basi ni kichwa cha mtu. Sitaji jina."

"Umeshataja kwa macho," Gerda akasema.

"Mimi nasema ni ugunduzi. Lakini ikithibitika ni uchafu, Vibeke, naomba jambo moja. Gerda aondoke kwenye seli. Chumba cha kuoshea chupa kina nafasi. Atakuwa karibu na maji, na hakuna wa kumbughudhi mpaka pensheni."

Vibeke alikuwa mtu mwema, na aliogopa ugomvi kuliko alivyoogopa panya. Akatazama karoti yake. Halafu akainamisha kichwa kukubali.

Kichwa kile kilipoinama, ndipo Gerda alipojua ameshikwa pabaya. Ini likiota nywele, Flemming anapanda. Ini lisipoota, Gerda anazama kwenye sinki, na jina lake linabaki idarani kama la bibi aliyechafua. Miaka thelathini na mmoja, na ushahidi dhidi yake ni upara wa mtu!

Akamalizia kahawa yake kwanza. Kahawa haina kosa.

"Tubadilishe sahani," akasema.

"Nini?"

"Safari iliyopita wazima walikula kizito, wagonjwa wakala chepesi. Sasa tugeuze. Wagonjwa wapewe kizito. Kama ini lao ndilo linaloota nywele, nywele hizo zitakuwa nzito, kwa sababu zimejengwa kwa chakula kizito. Kama zimeanguka kutoka nje, zitabaki nyepesi, maana hakuna unywele duniani uliowahi kula kutoka kwenye chupa zangu."

Flemming alicheka. Alikuwa na kicheko cha kitaaluma, kinatoka puani. "Wiki mbili nzima, na chakula kizito cha bei ya dhahabu, kwa wasiwasi wa fundi?"

"Alivyosema ni sawa," Ejvind akasema. Hiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote tangu Krismasi.

"Ni sawa," Vibeke naye akasema, na mlio ukarudi. "Bila hilo huendi Copenhagen."

"Sawa! Tufanye. Na brunsviger ataoka nani?" Flemming akauliza.

Hapo chumba kikachangamka. Idara ile ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na haikuvunjwa na yeyote: aliyeboronga anaoka keki. Si ya kununua. Anaoka mwenyewe, kwa mikono iliyoboronga, na keki ni brunsviger, ile ya kisiwa chao cha Fyn, yenye siagi na sukari nyeusi inayotiririka kwenye mashimo yaliyobonyezwa kwa vidole. Ijumaa saa tatu na nusu anaiweka mezani, anasema kosa lake kwa sauti, watu wanakula. Ejvind alishaoka mara mbili. Vibeke mara tano, na mara ya mwisho ilimtoa machozi. Gerda hajawahi. Hapakuwa na mtu aliyejua kama anajua hata kuwasha jiko.

"Anayeshindwa," Gerda akasema.

"Nitakuletea mapishi ya mke wangu," Flemming akasema. "Uanze mazoezi."

Akaenda zake, na sweta nyuma yake likaacha harufu ya Alhamisi yenye mvua.

Wiki mbili zile Gerda alilisha seli kama bibi anayelisha wajukuu waliotoka safari. Alizihesabu, akazihamisha, akazipa nafasi. Siku ya tatu Flemming akamjia na chupa ya seramu, yaani maji ya damu ya ndama, ambayo seli huongezewa zipate kukua.

"Tumia hii, iko tayari kwenye friji. Ile yako ya kuchujwa inachelewa kufika."

"Hii haijachujwa. Imejaa asidi amino za ndama, nyepesi zote. Nikiwapa hii, wanakula kizito mezani na chepesi chini ya meza. Hawatajaa uzito hata tukae mpaka Pentekoste."

"Gerda, seramu ni seramu."

"Na soksi ni soksi, Flemming, lakini kahawa huichujii kwa uliyoivaa."

Akasubiri seramu iliyochujwa. Ilifika kesho yake.

Wiki ya pili, siku ya mvua iliyolazwa ubavu na upepo, Flemming aliingia akitiririka, akaja moja kwa moja kuinama juu ya bega la Gerda achungulie chupa. Tone la maji likaanguka mezani. Na ile harufu: mafuta, majani, kinyesi kidogo, uvuguvugu. Gerda akawa na miaka sita. Akawa ameshika shingo ya mwanakondoo, na kopo la maziwa liko wazi mbele yake.

Hakugeuka. Alingoja mpaka sweta limeondoka. Kisha akachukua koleo dogo, akainama kwenye kishikio cha mirija ambacho Flemming alikitumia kila siku, akatafuta kama kuku anayetafuta punje. Akaipata kwenye ukingo wa kifuniko: uzi mmoja wa kijivu, uliojikunja. Akaulaza juu ya kipande cha karatasi nyeusi, akakunja, akatia mfukoni. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amelivaa mpaka shingoni.

Jioni, saa kumi na mbili, walipokaa mezani, alimwambia Aksel.

"Mwambie basi," Aksel akasema. "Mwambie, 'Bwana, ni sweta lako.' Yakaisha."

"Nikimwambia, kesho anavaa koti jeupe. Mzani unatoka safi. Halafu anasema, 'Mmeona? Safari hii Gerda amefunga nywele zake vizuri.' Na mimi nakwenda kuosha chupa."

Aksel akatafuna. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo namwacha afanye kazi yake kama alivyozoea. Hata dirisha nitamfungulia, asikie baridi."

"Wewe ni mbaya, Gerda."

"Nisogezee viazi."

Siku ikafika. Seli zilikuwa zimeshiba: wagonjwa wazito mpaka mifupani, kama seli zingekuwa na mifupa, na wazima wepesi kama kawaida. Gerda akazichanganya nusu kwa nusu mbele ya Ejvind, kisha akagawa mchanganyiko huo kwenye mirija miwili.

"Mmoja wako, mmoja wangu," akamwambia Flemming. "Kila mtu atayarishe wake mwanzo mpaka mwisho. Ejvind atatazama."

"Kwa nini miwili?"

"Wewe umesoma, mimi sikusoma. Tuone tofauti."

Hilo lilimpendeza. Akakunja mikono ya sweta mara moja, kwa namna ya mwanamume anayetaka kuonekana anafanya kazi, akaanza. Gerda alikuwa amezungushia kichwa kofia mbili na kitambaa. Alifanana na jibini iliyofungwa kwa ajili ya maonyesho.

"Umefunga vizuri leo?" Flemming akauliza.

"Nimefunga kama jana na juzi."

"Tutaona."

"Kuna baridi humu, Flemming? Nifunge dirisha?"

"La, la. Nina sweta."

"Naliona," Gerda akasema.

Akamwona akiinama. Akamwona akinyoosha mkono wa kushoto juu ya mrija ulio wazi kufuata kalamu, kisha akiurudisha, kisha akiunyoosha tena kwa sababu kalamu hakuitaka, aliitaka nyingine. Ejvind naye aliona. Ejvind akafungua mdomo, akamtazama Gerda, akaufunga. Kwa Ejvind haikuwa kazi ngumu.

Mzani ulichukua siku nzima na kipande cha siku ya pili. Alhamisi mchana wakasimama wote wanne nyuma ya kiti cha Ejvind. Vibeke alikuja na mfuko mzima wa karoti.

"Wa Gerda kwanza," Ejvind akasema.

Mrija wa Gerda ulitoka kama shuka la Pasaka. Mapacha wa protini za ini, maelfu, wamesimama wawiliwawili. Nywele hakuna. Si nzito, si nyepesi.

"Wa Flemming."

Mapacha walewale. Na katikati yao, kilima. Keratini ya nywele, ndefu, imechomoza peke yake kama mnara wa kanisa kijijini. Upande mwepesi. Upande mzito, mahali pa pacha, patupu.

"Nyepesi," Ejvind akasema.

"Nyepesi," Vibeke akasema. "Na safari hii walio wepesi ni wazima."

Flemming akakohoa. Ungemwonea huruma kama ungekuwa na ya ziada. "Inashangaza. Kwa hiyo... inawezekana seli nzima nazo, katika hali fulani ya..."

"Mwanzo wa mwezi wagonjwa wanaota nywele," Gerda akasema. "Leo wagonjwa wamenyolewa na wazima ndio wanaota. Kesho itaota meza?"

Vibeke akakohoa kipande cha karoti.

"Sawa!" Flemming akasema. Shingo yake ilikuwa nyekundu juu ya ile sufu. "Sawa, ni uchafu. Imethibitika ni uchafu. Ndiyo kwanza kauli yangu inatimia: ikiwa uchafu, ni nywele za mtu, na mwenye nywele hapa ni mmoja. Amezilisha seli hizi wiki mbili."

"Chungu kimoja, mabakuli mawili," Gerda akasema. "Mbona nywele ziko kwenye bakuli lako?"

"Unywele mmoja unaweza kuangukia bakuli moja. Bahati tu."

Na hapo, ukitaka haki, hakuwa mjinga kabisa. Unywele mmoja unaweza. Vibeke akamtazama Gerda, na kichwa chake kikaanza tena ile dalili ya kuinama. Gerda aliiona. Akaona sinki, akaona brashi za chupa zimening'inia kwenye misumari yake.

"Ejvind," akasema, "Mzani unapotaja jina la protini, unalitoa wapi?"

"Kwenye orodha."

"Orodha ya nani?"

"Ya binadamu. Seli ni za binadamu."

"Orodha ya kondoo unayo?"

Ejvind, kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja, akatabasamu meno yote, na ikaonekana ana jino la dhahabu ambalo watu hawakuwahi kulijua. Akaandika. Mashine ikafikiri. Watu wakasikia mvua, na karoti.

"Kwa binadamu," Ejvind akasoma, "vipande kumi na kimoja vilipata mwenyewe. Vingine tuliviacha, tukadhani ni kelele tu za mashine." Akateremsha kidole kwenye kioo. "Kwa kondoo, arobaini na vitatu. Na thelathini na viwili humo binadamu hana. Hata mmoja wetu."

Hakukuwa na haja ya kutazamana. Macho yote manne ya Vibeke na Ejvind, na miwani yao, yalikwenda kwenye sweta. Lilikuwa limesimama nyuzi, la kijivu, lina mvua mabegani, na kwenye kiwiko cha kushoto palikuwa na kitundu ambacho uzi wake ulikuwa umekwenda kutafuta elimu.

Gerda akatoa ile karatasi nyeusi mfukoni, akaifunua mbele ya kioo.

"Huu niliutoa kwenye kifuniko chako wiki iliyopita," akasema. "Mimi niliupata wa kwanza nikiwa na miaka sita, nikachapwa. Wewe uliupata ukataka kuupeleka Copenhagen."

Flemming akakifunika kile kitundu cha kiwiko kwa kiganja. Kikohozi hakikuja.

"Brunsviger ni kesho," Vibeke akasema. "Na Gerda, mirija yote inarudi kwako, kuanzia leo. Ile nyingine... ile habari ya chupa, mimi nili..."

"Uliinamisha kichwa," Gerda akasema. "Niliona. Karoti moja tafadhali."

Ijumaa saa tatu na nusu Flemming Bregnballe aliingia chumba cha kahawa na sinia. Alikuwa amevaa shati. Bila sweta alikuwa mtu mwembamba, mwenye viwiko vya kawaida kabisa, na alitetemeka kidogo kama yeyote mwezi wa tatu. Akaweka sinia mezani. Keki ilikuwa imeungua upande mmoja na mbichi upande wa pili, sukari imeganda katikati kama dimbwi la Januari. Ilionekana wazi kwamba hakusaidiwa. Mke wake alikuwa na msimamo.

"Nilisema," akaanza, "nilisema ini linaota nywele. Zilikuwa za kondoo. Za kwangu. Na nilimsingizia Gerda."

"Sauti," Ejvind akasema.

"Na nilimsingizia Gerda!"

Wakakaa. Vibeke akakata. Kipande cha kwanza, cha kona, chenye sukari nyingi, kikaenda kwa Gerda. Gerda alikitazama. Akakigeuza. Akasogeza sahani karibu na dirisha, akainama, akanyoosha vidole viwili vya mikono ile safi, akavuta kutoka kwenye sukari, polepole, mbele ya wote, uzi mmoja wa kijivu uliojikunja.

Ulikuwa mrefu. Wapo wanaosema ulivutika na kuvutika mpaka ukafika mlangoni, na kwamba Ejvind alilazimika kuuviringisha kama mpira.

"Lakini sikulivaa!" Flemming akalia. "Nililitundika nje! Nilioka na aproni!"

"Lilikuja kukuangalia dirishani," Gerda akasema. Akaweka uzi kando ya sahani, akauma kona ya keki, akatafuna mpaka mwisho. Ilikuwa mbaya sana. Akanyoosha sahani aongezewe.

"Gerda," Flemming akasema alipomwekea, kwa sauti ndogo. "Hayo makoti meupe yanakaa wapi?"

"Nyuma ya mlango wako, ule wenye kibao," Gerda akasema. "Lakini nawa kwanza."